Mbuzi wa Kukataa

Neno lenyewe aliliandika kwa herufi kubwa katikati ya ubao, akalipigia mstari, kisha akageuka kututazama kama mtu aliyetuletea zawadi kutoka safari.

FALLOW.

"Nani amewahi kulisikia?" Mwalimu Kivuva akauliza.

Darasa letu la Jumamosi lilikuwa la watu wazima, sisi tulioachia shule njiani na sasa tunataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kabla macho hayajakataa kusoma. Tulikuwa tunakutana alasiri katika ukumbi wa kanisa pale Kalamba. Alikuwako Mutie wa bodaboda, alikuwako Mama Ndululu aliyekuwa na wajukuu sekondari na hakutaka waseme Kiingereza cha kumteta akiwa ameketi papo hapo, walikuwako wenye maduka wawili watatu. Na mimi, Mumbua, fundi wa nguo, mwenye cherehani kwenye veranda ya duka la mbegu na mbolea.

Nilijiunga kwa ajili ya mtihani, hilo ni kweli. Lakini kuendelea kuja hata siku za soko, wateja wakiningoja na vitambaa mkononi, hiyo ilikuwa na sababu nyingine. Sababu yenyewe ilikuwa imesimama mbele yangu na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati.

"Fallow," akasema, "ni shamba ambayo mwenyewe ameacha bila kupanda. Msimu mmoja, ama miwili. Anaipumzisha ipate nguvu."

Mutie akainua mkono. "Mwalimu, kwetu hiyo inaitwa uvivu."

Tukacheka. Mama Ndululu akamgeukia. "Kwenu wewe shamba ni gani? Si ni pikipiki tu?"

"Hiyo ni maana ya kwanza," Kivuva akaendelea, naye akitabasamu. "Lakini Kiingereza ni kama Kikamba, haiachi neno ikae shambani tu. Examiner atakupea fallow kwa sentensi haina jembe wala ng'ombe. Utasoma ati mtu fulani alikuwa na fallow years, miaka hakufanya kitu cha kuonekana. Ama moyo wake ni fallow. Ukiangalia kwa nje unaona nyasi tu. Unasema, aah, huyu amekwisha. Kumbe amepumzika."

Alipofika hapo akaniangalia. Hakuniangalia sana, lakini sisi tuliokaa na kiu tunajua tone la maji likianguka. Nikainamisha macho kwenye daftari, nikaanza kunoa penseli ambayo ilikuwa kali tayari.

"Na ile shamba haizai kabisa?" Mama Ndululu akauliza. "Ile hata ukipanda magugu inakataa?"

"Hiyo ni barren. Usichanganye hizo mbili, Mama. Barren ni shida ya udongo. Fallow ni uamuzi ya mwenye shamba."

Hilo barren sikuhitaji kufundishwa na mwalimu yeyote. Nililifundishwa Kyuso, kwa wakwe zangu, siku wifi yangu aliyesoma chuo alipokuja kututembelea. Tulikuwa tunachambua ndengu kwenye ungo, yeye na mume wangu Kaloki na mimi, akamwambia kakake kwa Kiingereza, "She is barren," kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa. Alidhani sielewi, na kweli sikuelewa. Lakini nilimwona Kaloki akiacha kuchambua. Nikalibeba lile neno kichwani wiki nzima mpaka nikapata kamusi ya mtoto wa jirani. Tangu siku hiyo nimekuwa na njaa ya Kiingereza, maana niliapa kwamba hakuna mtu atakayenitukana tena nikiwa nimekaa namtazama kama kondoo.

Nikainua mkono.

"Ndiyo, Mumbua."

"Shamba ina mwenyewe, ndiye anaamua ipumzike. Sasa moyo wa mtu ikiwa fallow, mwenye ameamua ni nani?"

Hata Mutie aliacha kuchezea funguo za pikipiki. Kivuva akageuka akaanza kufuta sehemu ya ubao ambayo haikuwa imeandikwa kitu.

"Hiyo ni swali nzuri," akasema akiwa ametupa mgongo. "Kila mtu ataniandikia sentensi moja, fallow ya figurative, ile haina jembe. Mtanitumia kwa simu." Akasita. "Kwa sababu Jumamosi ijayo sitakuwa hapa. Nimepewa transfer. Naripoti Jumatatu, shule moja huko Kwale. Natoka kesho asubuhi."

Watu wakaanza kusema pamoja, pole mwalimu, hongera mwalimu, sasa nani atatufundisha. Mama Ndululu akasimama papo hapo akaanza kumwombea safari, macho yamefumbwa, mikono juu. Mimi nilikaa vilevile. Nilikuwa nimeshika penseli na ncha yake ilikuwa imevunjika, wala sikukumbuka imevunjika saa ngapi.

Kivuva alinikuta nje, karibu na tangi la maji, nikijifanya nafunga mkoba. Wenzetu walikuwa wanatoka kidogo kidogo. Mama Ndululu, ambaye siku nyingine huondoka mbio kukamua mbuzi, siku hiyo miguu ilimwuma ghafla, akawa anatembea hatua moja anapumzika.

"Umekasirika," Kivuva akasema.

"Kwani nimesema kitu?"

"Ndiyo najua umekasirika."

"Ungeniambia peke yangu, Kivuva. Umeniambia pamoja na watu wa bodaboda."

"Nilipata barua jana jioni. Leo asubuhi nimepita kwa cherehani yako, umezungukwa na akina mama wa kwaya wanapimwa. Ningesemea wapi?"

"Na simu?"

"Hii sio kitu ya simu."

"Kwa hivyo ukaona ni kitu ya ubao."

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, kapera, ambaye mama yake alikuwa amemwombea mke katika kila mkutano wa maombi mpaka wanakwaya wakakariri ombi lenyewe. Kwa mwaka mzima alikuwa akinisindikiza kutoka darasani hadi kona ya kwetu, akizungumza habari za vitabu na mvua, akinirudishia daftari lenye alama nyekundu na mara nyingine neno dogo pembeni. Hakuwa amenigusa hata kidole. Nami kila Jumamosi usiku nilikuwa nalala nikihesabu jinsi alivyolitaja jina langu.

"Nilitaka nitoke hapa kama nimeshaleta mbuzi kwenu," akasema.

Nilifurahi, sitaficha. Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kukuandikia ujumbe mpaka simu ichemke, lakini mbuzi wake wa uchumba, wale wa ntheo, wasipolala kwa baba yako, hajasema kitu.

"Na nini imekuzuia?"

"Niliongea na mwaitu." Alimaanisha mama yake. "Aliniuliza kitu moja tu. Mbuzi ya ulee ilishaenda Kyuso?"

Nikatazama chini. Mbuzi wa ulee ni mbuzi wa kukataa. Mwanamke akiacha ndoa, baba yake huchukua mbuzi mmoja akampelekea mume, na siku mbuzi huyo akipokelewa ndiyo mwisho wa maneno. Asipokwenda, ukae kwenu mpaka uote mvi, vinywani mwa wazee wewe bado ni mke wa kule. Mimi nilikuwa nimerudi kwa baba, lakini mbuzi wangu hakuwa amekwenda. Kaloki alikuwa ameoa tena, ana watoto mapacha, na nadhani hata sura yangu ameisahau, lakini mimi nilikuwa mke wake.

"Mwaitu hana ubaya na wewe," Kivuva akasema.

"Ana ubaya na mbuzi?"

"Anasema hawezi toa mbuzi zake zifuate bibi ya mtu. Tena bibi ya mtu ambaye..." Akajikata.

"Malizia."

"Wacha tu."

"Mama yako amesema, wewe umebeba mpaka hapa. Tua mzigo."

Akavuta pumzi. "Ambaye hata huko hakuzaa."

Niliusikia upepo ukivuma kwenye mabati ya ukumbi. Mama Ndululu alikuwa amefika langoni, amesimama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia mimi naoa mtu, sio shamba."

"Halafu leo ukaenda ukaandika shamba kwa ubao."

"Mumbua, nilikuwa natafuta njia ya kukuambia. Ile neno walikuitia Kyuso, uliniambia mwenyewe, ukalia. Nikatafuta ingine nikupee. Nikaona hii. Nilitaka ujue kwa macho yangu wewe sio ile, wewe ni hii."

"Mimi si hii na mimi si ile!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Iwe imekufa ama imepumzika, mimi si shamba, Kivuva. Naamka asubuhi nashona, nalipa kodi ya veranda, narudi, nalala peke yangu. Nani amekuambia napumzika?"

Alirudi nyuma hatua moja. Niliona nimemwumiza, nami nilitaka aumie kidogo, halafu alipoumia nikatamani kumfuta ile chaki kwenye mkono wa shati. Mapenzi yana akili za kuku.

"Sawa," akasema polepole. "Basi na mimi niulize. Mbuzi mbona haiendi? Miaka mitano. Kuna kitu umewacha Kyuso?"

"Nimewacha sufuria mbili na blanketi."

"Sina mchezo."

"Hata mimi sina. Mbuzi sio yangu, ni baba anapeleka. Na baba hajawahi hata kutaja. Tangu nirudi hajaniuliza nimerudia nini. Ndugu zangu amewaonyesha kila mtu kipande yake. Mimi hata pa kupanda ndengu sina. Ile kipande kando ya nyumba imekaa nyasi tu miaka hii yote, majirani wanalima mpaka kwa mpaka, hiyo imelala, na bado hawezi kusema, mtoto wangu, chukua hiyo. Mimi kwetu ni mgeni. Analala akiomba nirudi kwa Kaloki."

"Umemwuliza?"

"Baba anaulizwa?"

"Mwalimu anaulizwa," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na ukali. "Leo umeniuliza swali mbele ya watu mpaka nikafuta ubao hauna kitu. Hiyo mdomo unaiacha wapi ukifika kwenu?"

Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

"Gari yangu ya kwenda Emali ni asubuhi," akasema mwishowe. "Nikifika barabara ya Mombasa napanda basi. Ukiwa na neno, hata moja, niambie kabla sijatoka Kalamba. Usiponiambia nitajua. Sitakusumbua tena, Mumbua. Sio kwa hasira. Ni kwa vile nitakuwa natongoza bibi ya mtu, na mimi sijafundishwa hivyo."

Akanyoosha mkono kama anayetaka kuniaga. Nami nikaunyoosha wangu. Tulishikana muda mrefu kidogo kuliko watu wa kanisa wanavyoruhusiwa, kisha akauachia.

"Na uko na deni yangu ya sentensi," akasema, akaondoka.

Nilitembea kwenda nyumbani peke yangu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Ilikuwa Oktoba, ardhi imekauka mpaka inalia chini ya kiatu, lakini watu walikuwa wameshapanda mbegu kwenye udongo mkavu wakingoja mvua ya Novemba. Kila shamba nililopita lilikuwa na mistari yake imekaa tayari. Watu wa kwetu ndivyo walivyo, wanapanda kwanza halafu wanatazama mbinguni. Nami niseme wazi, nilimpenda Kivuva. Nilimpenda mpaka kona ile alipozoea kuniachia ilinifanya nisimame, nikangoja kwaheri ambayo hakuwapo wa kuitoa. Halafu nikajiita mjinga nikaendelea.

Baba alikuwa kwenye zizi anaingiza mbuzi. Mzee Nzau, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye hata kuku wetu walimheshimu. Mama alikuwa amefariki nikiwa Kyuso, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wawili, na kwa kawaida jioni yetu ilikuwa hivi: umekula, nimekula, redio, tuombe, lala salama.

"Mwaitu, umerudi," akasema.

Aliniita mwaitu, mama, tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa nina jina la mama yake. Wanawake waliozaa watoto saba huitwa mama na watoto wao. Mimi niliitwa na mzee wa miaka sabini na mitano.

"Nimerudi, Nau," nikamjibu, yaani baba.

Nikaweka mkoba chini, nikamsaidia kufunga mlango wa zizi. Mbuzi mmoja alibaki nje, amefungwa peke yake kwenye kigingi kama siku zote, beberu mweupe pepepe, anakula majani ya kukatiwa. Baba alikuwa na kawaida hiyo. Kila mara alikuwa na mbuzi mmoja mweupe ambaye hauzwi, hachinjwi Krismasi, hakuchinjwa hata kakangu alipohitimu chuo. Akizeeka, anatafutwa mwingine mweupe. Nilidhani ni mambo ya uzee.

Nyuma yake, kando ya nyumba, kile kipande cha nyasi kilikuwa kimekaa na ukimya wake. Nikasikia sauti ya Kivuva, hiyo mdomo unaiacha wapi.

"Nau, kile kipande mbona hakilimwi?"

Hakugeuka. "Kimepumzika."

"Kinangoja nini?"

"Kinangoja mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Hapo akageuka. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza jina la mama yake. "Swali gani hilo, mwaitu? Ndugu zako nimewaonyesha mipaka yao yote. Hicho kimebaki ni cha nani?"

Nikaketi juu ya jiwe la kunolea panga.

"Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Mke wa mtu hapimiwi shamba kwao. Siku ningekuonyesha mpaka ni kama nimekuambia, usirudi tena kwa mume wako. Mimi ni nani nikuvunjie nyumba yako? Binti akikataa, anasema kwa mdomo wake, baba ndipo anainuka. Ndivyo ilivyo. Wewe hukusema."

"Lakini nilirudi, Nau! Nilirudi na begi!"

"Ulirudi na begi," akakubali. "Nikakuuliza, kuna nini mwaitu? Ukasema, 'Hakuna kitu, Nau, nimekuja tu kuwasalimia.'"

Nikakumbuka. Nilisema hivyo kweli. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, macho yamevimba, na ningesema nini kwa baba yangu? Kwamba nimeitwa tasa kwa lugha mbili? Nikasema nimekuja kuwasalimia, nikiwaza ataona mwenyewe. Naye, kwa heshima yake, akaipokea salamu.

"Salamu ya miaka mitano, Nau?"

"Mimi nitahesabu salamu za mtoto wangu?"

Nilicheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikageuka kuwa kilio. Nililia kama sijawahi kulia Kyuso. Baba hakunishika, kwetu baba hashiki binti mkubwa, lakini alivua kofia yake akasimama karibu nami nayo mkononi, kama tulivyosimama kwenye kaburi la mama. Miaka mitano tulikuwa tumekula meza moja, kila mtu akimstahi mwenzake, kila mtu akiwa peke yake kama kisima. Mimi nikidhani ananingoja niondoke, yeye akidhani nangoja kuitwa na Kaloki.

"Na yule?" nikamwuliza nilipoweza kusema, nikionyesha mbuzi mweupe.

"Yule ni wako. Na aliyemtangulia alikuwa wako. Kila mwaka nasema, mwaka huu huyu mtoto atasema."

Nikasimama. Nikajifuta uso kwa kitambaa cha kupangusia mikono.

"Nau, nimekataa."

Alitikisa kichwa. "Ngoja. Neno hilo halisikiwi na sikio moja." Akaenda kwenye ua, akamwita ndugu yake mdogo, baba yangu mdogo Mutisya, ambaye alikuja na kikombe cha chai mkononi akidhani ng'ombe amezaa. Nikasema tena mbele yao wote wawili, mara hii kwa Kikamba, kwa sauti ambayo hata sikuijua ni yangu. Mutisya akaweka kikombe chini.

"Kuna mtu?" baba akauliza.

"Kuna mtu. Lakini sikatai kwa sababu yake. Hata akienda asirudi, nimekataa."

Niliposema hivyo ndipo nilipojua ni kweli, na ikanitia baridi, maana Kivuva alikuwa anaondoka asubuhi na huenda kweli asirudi.

"Ni mkulima?"

"Ni mwalimu, Nau. Wa Kiingereza."

Wazee wakatazamana. "Basi atakuwa analima kwa mdomo," Mutisya akasema, akaokota chai yake.

Asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, baba alikosa ibada ya Jumapili. Walivaa makoti yao ya kanisani, yeye na Mutisya, wakamfungua mbuzi. Ilikuwa safari ndefu, kubadilisha magari Wote na Kitui na Mwingi, na mbuzi alianza kwa kukataa kutoka langoni. Nikamsukuma mimi mwenyewe.

"Niwasindikize mpaka stage?" nikauliza. Nilijua nani mwingine angekuwa pale saa hiyo na mizigo yake.

Baba mdogo akakaza uso. "Leo usitoke nje ya boma hii mpaka turudi. Anayekataa hafuati mbuzi wake. Ukionekana barabarani watu watasema unaenda kumrudisha, na wa Kyuso watapata la kushika."

"Hata hapo stage tu?"

"Hata hapo tu, mwaitu," baba akasema kwa upole. "Umekaa miaka. Kaa siku moja."

Wakaenda. Nilisimama langoni mpaka sikuona tena mkia wa mbuzi. Nikachukua simu nimwandikie Kivuva, nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Kila neno lilionekana dogo, na mtu anayesubiri gari na uchungu wake hafai kutumiwa maneno madogo. Kengele ya kanisa ikalia. Wimbo wa kwanza ukaja na upepo, wa pili ukaja, na boma letu lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mchwa kwenye nguzo. Nikawaza, gari la Emali limeshajaa. Nikawaza, ameketi dirishani, ametazama kona ile. Sijawahi kuwa peke yangu kama asubuhi hiyo, na ajabu ni kwamba ilikuwa siku ya kwanza niliyokuwa kwetu.

Nikafunga simu kwenye pindo la lesso, nikachukua jembe nyuma ya mlango.

Udongo ulikuwa mgumu juu. Pigo la kwanza lilirudisha jembe. La pili likaingia kidogo, na chini ya mizizi ya nyasi udongo ukatoka mweusi, wa kukandika mkononi, wakati mashamba yote ya jirani yalikuwa mekundu na makavu. Nikapiga magoti nikaushika. Baba hakuwa amesema uongo.

Nilikuwa nimekata mstari wa kwanza mpaka karibu na uzio simu ilipolia.

"Mumbua." Nyuma ya sauti yake palikuwa na makanga akipiga kelele Emali, Emali, wawili wa mwisho. "Hapa stage kuna wazee wawili wamevaa koti. Wako na mbuzi nyeupe inakula kamba ya begi yangu. Mmoja ameniangalia kutoka kichwa mpaka kiatu, akaniuliza kama mimi ndiye nalima kwa mdomo."

Niliegemea jembe.

"Mumbua, hii mbuzi inaenda wapi?"

"Kyuso," nikasema.

Nilimsikia akipumua. Makanga akamwambia, mwalimu, unaingia ama huingii.

"Nisiende?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nakuja kwenu sasa hivi. Kwale itangoja."

Nilifumba macho. Nilitaka kusema njoo. Mungu wangu anajua jinsi nilivyotaka.

"Panda gari," nikamwambia. "Usije kwetu kama mbuzi bado iko njiani. Wacha ifike, ipokelewe, baba arudi. Shule zikifungwa Desemba, kuja. Na usije na maneno."

"Nitakuja na mbuzi."

"Na mama yako?"

"Mwaitu amesimama hapa na mimi. Amesikia ni mbuzi gani. Amenyamaza tangu hapo, na yeye hajui kunyamaza." Mlango wa gari ukabamizwa, injini ikanguruma. Alikuwa ameingia. Nilihisi umbali ukianza kati yetu hapo hapo, kabla hata magurudumu hayajageuka. "Mumbua? Bado hujanipatia sentensi yangu."

"Utangoja. Niko na kazi."

"Kazi gani Jumapili?"

Nikatazama mstari wangu mmoja mweusi katikati ya nyasi zote zile, na jembe lililosimama mwisho wake.

"Nalima," nikamwambia.